Fuwele za Uzi wa Igogo

Jumatatu, 17 Februari 2025

Nimeitwa na Dk. Kokulinda. Nilidhani ni mambo ya funguo za maabara. Sio. Kaniambia nikae, na msimamizi wangu akikuambia ukae ujue hakuna habari njema. Akasema muda wangu wa uzamili umeshaongezwa mara mbili na hautaongezwa tena. Ijumaa tarehe 14 Machi nasimama mbele ya jopo na matokeo mkononi. Nisipokuwa nayo, nafutwa chuo. Kalisema hilo neno kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo kuna mgao wa maji. Nikajibu sawa Daktari. 

Kwa faida ya atakayekuja kuandika habari za maisha yangu, nieleze ninachofanya. Unayeyusha chumvi ya fosfeti kwenye maji, unaning'iniza kipunje cha fuwele kwa uzi katikati ya bika, yaani glasi ya maabara, halafu unasubiri. Kile kipunje kinaitwa mbegu. Maji yanapungua taratibu, mbegu inanenepa, mwisho unapata fuwele safi ya kupitishia mwanga wa leza. Mimi naongezea asidi amino kidogo, inaitwa glisini, kisha naipima fuwele kwa mwanga wa infraredi. Mashine inachora mstari wenye mabonde. Kila kiungo ndani ya kemikali kina bonde lake na mahali pake. Glisini ikiingia kwenye fuwele, mabonde yanasogea au linazuka jipya. Basi. Kazi ya kukaa na kuangalia. Imenichukua miaka mitatu.

Dk. Kokulinda akaanza tena kunifundisha asidi amino ni nini, eti ndizo zinazojenga nyama, samaki, kucha, nywele. Mimi wa kuambiwa hayo. Nikawa naitikia huku naangalia dirishani.

Shida yangu sio akili. Shida yangu ni Leonsia.

Leonsia meza yake imepakana na yangu. Koti lake la maabara limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Yeye anatumia alanini, ambayo ni asidi amino nyingine, ndugu wa glisini. Fuwele zake unaweza kuzisomea gazeti. Zangu zimekaa kama kiporo cha ugali. Halafu ananisalimia kila asubuhi kwa upole, jambo linalonitia mashaka sana.

Jumatano, 19 Februari

Nimegundua kinachoniangusha. Uzi!

Mimi naning'iniza kwa uzi wa cherehani. Uzi wa cherehani unanyonya maji, na fuwele zinaota juu ya uzi hadi nje ya bika, mbegu yenyewe inabaki na njaa. Leonsia anatumia uzi wa tefloni, ambao haunyonyi kitu wala haugombani na kitu. Upo rola moja tu, na anayeutunza ni yeye. Ukiutaka unamwomba. Anakukatia.

Simwombi.

Mchana nikashuka Igogo kwa baba mdogo Ojuok, anayeshona nyavu. Ametoka kwetu Rorya kabla sijazaliwa na bado anaishi kama mgeni atakayeondoka kesho. Nikampa shikamoo, nikamweleza nataka uzi mwembamba, imara, usionyonya maji. Akaniuliza navua nini. Nikasema naning'iniza fuwele kwenye glasi. Akauliza kama mama yangu anajua. Kisha akachomoa uzi wa nailoni kwenye wavu uliochanika, mwembamba kama hakuna kitu, akasema huo unamzuia sangara asirudi kwao. Akaulizia na dawa ya goti lake linalomuuma. Anaamini nikimaliza nitakuwa daktari wa kutibu. Nimeshamweleza mara nyingi. Nimemwahidi dawa.

Nimerudi maabara Ilemela na uzi mfukoni, moyo mweupe. Leonsia na tefloni yake wakae hukohuko.

Ijumaa, 21 Februari

Nimetega bika tatu, zote kwa uzi wa Igogo. Ya kwanza ina glisini. Ya pili haina kitu, fosfeti tupu, maana jopo lazima lione tofauti ya yenye dawa na isiyo na dawa. Ya tatu ina glisini pia, ya akiba, kwa sababu najijua.

Kwenye ya kwanza nimeongeza glisini zaidi ya maelekezo. Nimefikiri hivi: kama kidogo kinaleta bonde dogo, kingi kitaleta bonde kubwa. Hata mwenye kijiwe cha kahawa angeona mantiki hiyo.

Leonsia akapita, akatazama, akauliza huo uzi ni wa nini. Nikasema ni uzi maalumu. Akasema mbona kama wa nyavu. Nikasema kuna mambo mengine ni ya kitaalamu. Akasema haya.

Alhamisi, 27 Februari

Bika ya kwanza imekuwa maziwa. Dk. Kokulinda kaiangalia, akasema glisini ikizidi fuwele inajaa ukungu, na hayo yako kwenye karatasi aliyonipa mwaka juzi. Nikasema nilikuwa najaribu mpaka. Akasema mpaka nimeupata.

Nimeimwaga. Sasa ya akiba ndiyo bika yangu ya dawa. Imebaki hiyo na ile tupu. Silali vizuri. Naamka naenda kuziangalia hata kabla ya kupiga mswaki. Masalu, jirani yangu wa chumba cha pili, mwenye kwao Usagara kwenye ng'ombe, anasema hata baba yake hamtazami ndama mgonjwa namna hii.

Jumatatu, 3 Machi

Zinakua. Safi! Zote mbili unaona hadi upande wa pili. Uzi wa baba mdogo haujaota hata chembe juu. Fuwele imeumeza uzi pamoja na fundo lake, huoni umeanzia wapi. Nimesimama mbele yake kama baba wa mapacha.

Mvua kubwa mchana. Nilikuwa kantini. Kurudi nakuta bika zangu zimehamishwa kutoka dirishani hadi kwenye rafu. Leonsia akasema paa lilikuwa linavuja pale dirishani, kaona asiniache niharibikiwe. Nikamshukuru. Nimemshukuru kabisa. Lakini nimeandika hapa ili nisisahau: kazigusa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Leonsia, Dk. Kokulinda na wengine wote wamevaa vitenge vya sare wameenda kwenye maandamano. Maabara tupu. Mashine ya infraredi, ambayo zamu yake wiki nzima ilikuwa ya Leonsia, imekaa peke yake inaniangalia.

Nilikuwa nimejiandaa. Nimetoa fuwele zangu mbili, nimezifuta. Maelekezo yanasema umegue kipande cha pembeni, mbali na uzi. Lakini fuwele zenyewe ni ndogo kama punje ya hindi, ukimegua pembeni unabaki na nini? Nimekata uzi unaochomoza juu, nikaitwanga kila moja nzima, kwa zamu, kwenye kinu, na cha katikati humohumo. Kulikuwa na vinyuzinyuzi vinavyokataa kusagika. Nimevilazimisha.

Nikaweka unga wa fuwele yenye glisini kwenye kile kijiwe cha mashine cha kuwekea sampuli, nikakandamiza, nikabonyeza. Mstari ukachoreka. Bonde! Bonde refu, zuri, karibu na namba 1540 ya mchoro, na lingine kule juu karibu na 3300, ambako kunakaa viungo vya naitrojeni na haidrojeni. Fosfeti haina naitrojeni hata ya kulumangia. Kwa hiyo ni asidi amino. Imeingia, tena imeingia kwa miguu yote miwili. Mabonde ya Leonsia ni mikwaruzo tu, lazima akuonyeshe kwa ncha ya kalamu. Yangu mtu anayaona akiwa mlangoni. Nimepiga makofi peke yangu.

Halafu, kwa kukamilisha tu, nikapima ile tupu.

Mabonde yaleyale. Palepale.

Nimefuta kijiwe kwa spiriti, nimepima tena. Yaleyale. Nimekaa kwenye stuli. Fuwele ambayo sijaitia asidi amino ina asidi amino. Hapo ndipo nikakumbuka paa linalovuja.

Jumapili, 9 Machi

Sikusikia mahubiri hata kidogo. Nimepanga kila kitu kichwani na hakuna tundu. Glisini yangu iko kwenye kabati na ufunguo ninao mimi. Fuwele tupu imepata asidi amino kutoka mahali. Mtu mmoja tu alizigusa bika zangu, na mtu huyo meza yake ina chupa nzima ya alanini. Anataka nifutwe. Nikifutwa, atabaki na mashine wiki zote za mwaka.

Nimemweleza Masalu. Kauliza kwa nini mtu mwenye fuwele nzuri ahangaike na mwenye mbaya. Nikamwambia wivu hauna sababu. Akasema hapo kweli, akaniangalia namna ambayo sikuipenda. Kisha akanipa maziwa mgando.

Jumatatu, 10 Machi

Mtego. Nimetega bika mpya ya fosfeti tupu, nimeiweka mahali pa wazi. Nimenyunyizia unga wa muhogo mezani kuizunguka, safu nyembamba. Atakayeisogelea ataacha alama za vidole. Nikajificha stoo.

Leonsia akaingia. Hakuigusa. Kaona joto, akawasha feni.

Unga wote umeingia kwenye bika. Na kwenye koti langu nililoliacha kitini. Leonsia akaja stoo kutafuta fagio, akanikuta nimechuchumaa nyuma ya madumu, akauliza kama naumwa. Nikasema nahesabu madumu. Akasema pole, akanisaidia kufagia. Huyu mtu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 12 Machi

Dk. Kokulinda kataka kuona matokeo kabla ya Ijumaa. Nimemwonyesha mstari wa fuwele yenye glisini. Kanyanyua miwani. Akasema glisini huwa inaingia kidogo mno kwenye fuwele hizi, sasa mabonde haya makubwa yametoka wapi. Nikasema ni mbinu. Akauliza ile tupu imesemaje. Nikasema itazungumza Ijumaa. Hakucheka. Akasema Gidion, mimi nimekutetea kwenye kikao mara mbili, na mara ya pili nilikuwa peke yangu.

Hilo limenichoma. Nimetoka nikakaa kwenye ngazi kwa muda. Nilikaribia kurudi kumwambia sielewi kinachoendelea. Nilifika hadi mlangoni kwake. Ndani nikasikia sauti ya Leonsia akicheka. Nikageuza.

Kama nikifutwa sijui nitamwambia nini mama. Ameshatangaza kanisani.

Ijumaa, 14 Machi

 Niandike kwa utaratibu.

Tulikaa humohumo maabara. Jopo lilikuwa Dk. Kokulinda na Profesa Mihayo aliyekuja kutoka chuo kingine, mzee mwenye fimbo na sauti ndogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu asiye na haraka na lolote. Leonsia alikaa nyuma, maana naye alikuwa anawasilisha baada yangu.

Nimeonyesha mstari wa kwanza ukutani. Profesa akasogeza kiti mbele. Nimeonyesha mstari wa pili, wa fuwele tupu, nikasema waheshimiwa, hapa ndipo penye jambo zito. Nikasema fuwele hii imewekewa asidi amino na mtu mwenye nia mbaya. Nikasema mtu huyo tunaye humu. Nikaeleza paa, rafu, chupa ya alanini. Sikumtaja jina lakini nilimnyooshea kidole, kwa hiyo nadhani walielewa.

  Leonsia macho yalimjaa machozi, na sikutegemea hilo. Nilitegemea aruke aanze kubisha. Dk. Kokulinda alimwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi, na hasira yake ilikuwa ya kimyakimya, aina mbaya zaidi.

Profesa Mihayo ndiye aliyeanza kuuliza. Akauliza niliziba au sikuziba bika. Niliziba kwa karatasi yenye matundu. Akauliza niliosha kinu. Niliosha. Akauliza nilizining'iniza kwa kitu gani. Kwa kweli nilifurahi kuulizwa. Nikasema uzi maalumu wa nailoni, ubunifu wangu, unatoka Igogo. Nikautoa mfukoni kwa sababu huwa natembea nao.

Leonsia akafuta uso kwa kiganja, akainuka, akanyoosha mkono niupe. Nikampa, ningefanyaje mbele za watu. Akauviringa kipande kidogo, akaenda kwenye mashine, akakiweka kwenye kijiwe. Hakuna fuwele. Hakuna glisini. Uzi wa baba mdogo Ojuok peke yake.

1540. 3300. Mabonde yangu yote mawili, makubwa zaidi, yananitazama ukutani.

Dk. Kokulinda akauliza kama nilimegua kipande cha pembeni kama maelekezo yanavyosema. Nikasema nilitwanga zote. Akasema na uzi ndani. Nikasema fuwele ilikuwa imeumeza vizuri sana. Profesa alianza kucheka polepole, mabega tu, mpaka akatoa leso. Akasema miaka yote hajawahi kuona mtu akipima wavu na kuuita sayansi ya mwanga.

Kisha akanieleza, na nimeandika neno kwa neno kwa sababu aliniamuru niandike. Akasema nailoni imefungwa kwa kiungo kilekile kinachofunga asidi amino zikishikana mnyororo. Akasema mbele ya mashine hii nailoni, hariri, sufu, kwato na nywele ni watoto wa mama mmoja, wote wana mabonde hayo. Akasema chochote cha namna hiyo kisiikaribie fuwele yangu. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akaniambia nirudie. Nikarudia: nailoni, hariri, sufu, kwato, nywele.

Nilitolewa nje wajadiliane. Nilisimama kwenye korido nikiwaza namna ya kumweleza mama. Nilisali. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo siyaandiki hapa.

Waliponiita, Dk. Kokulinda ndiye aliyesema. Hadi mwisho wa Juni. Fuwele mpya, uzi mpya, kila kitu upya. Akasema sio yeye aliyeomba nisifutwe safari hii. Aliyeomba ni Leonsia. Alisema uzi ulikuwa kosa la mtu anayehangaika, sio la mtu mwongo, na kama wangenifuta kwa kosa hilo basi na yeye angejisikia vibaya, kwa kuwa aliuona uzi ule siku ya kwanza na akanyamaza.

Nimemwomba radhi mbele yao.  Akasema yameisha, Gidion. Nilitaka ardhi inipokee. Nimejifunza. Nakiri hapa kwa mkono wangu mwenyewe kwamba leo nimejifunza, na kwamba mimi ni mtu mwingine.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala vizuri. Mtu akilala vizuri anaona mambo yalivyo.

Asubuhi Leonsia amenitumia ujumbe, eti amenikatia uzi wa tefloni wa kunitosha hadi Juni, ameuweka kwenye bahasha mezani kwangu. Ukarimu wa namna hiyo unatoka wapi? Watu wote idarani watajua fuwele ya Gidion inaning'inia kwa hisani ya Leonsia. Kwenye shukrani za tasnifu itabidi nimwandike. Baada ya Dk. Kokulinda, kabla ya mama. Hapana. Nimemjibu ahsante sana, nimeshapata.

Na nimeshapata kweli. Kosa langu, ukiliangalia kwa utulivu, lilikuwa kiwanda. Nailoni ni kitu cha kiwandani, imejaa makemikali. Nimekwenda na Masalu kwao Usagara. Baba yake ana dume jekundu lenye mkia hadi kwenye visigino. Nimempa mzee shikamoo, nimemweleza haja yangu, akaniuliza kama mama yangu anajua. Dume lilinikanyaga mguu mara moja tu.

Ninazo hapa mezani, nyuzi nne ndefu za mkia wa ng'ombe, nyeusi, ngumu, nimeziosha kwa sabuni na kuzianika. Hazinyonyi maji. Zinabeba uzito. Zimetoka moja kwa moja kwenye mnyama, hakuna nailoni hata ya kutafutia. Asili tupu. Jumatatu natega bika nne.

Profesa Mihayo safari hii atakosa la kucheka. Na kama yale mabonde yatatokea tena, basi nitajua kwa hakika kwamba ni Leonsia.